Chama Kilichotuma Barua Msibani

Likasi, Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Mvua imenyesha asubuhi, ikaacha, ikarudi mchana, sasa imeacha tena. Umeme hakuna. Nyaya zinazotoka bwawa la umeme la Mwadingusha zinapita juu ya paa langu kwenda viwandani na mimi naandika kwa simu yenye betri nusu. Mgongo unaniuma kwa sababu nitakayoieleza.

Nimechoka. Na si uchovu wa leo peke yake.

Mnaonisoma hapa ni wachache, na mnanijua: mwalimu wa jiografia, na kwa miaka minane katibu wa uhamasishaji wa chama kidogo cha kimaendeleo hapa mjini. Tunadai maji, shule, mishahara ya haki, mwanamke asikilizwe. Mambo mazuri yote. Nimeyasema kwa kipaza sauti, nimeyasema kwenye karatasi, nimeyasema kanisani baada ya misa mpaka padri akaniomba nipumzike. Na kila uchaguzi ukifika, watu tunaotaka kuwatetea wanampa kura mheshimiwa mwenye gari refu.

Mahali pekee tulipo na watu wa kweli ni mtaa wa Kikula. Tuna tawi la watu arobaini hivi: wauza mboga, mafundi baiskeli, wajane, wastaafu. Lilianzishwa na Papa Anatole, mstaafu wa kiwandani Shituru, pamoja na mke wake, Mama Véro. Papa Anatole hakuwahi kusoma ilani yetu hadi mwisho, aliniambia hivyo mwenyewe bila haya. Lakini akikuambia njoo Jumapili, ulikuwa unakuja.

Alifariki siku kumi zilizopita. Kesho saa nane watu wa tawi wanakutana uani kwake kuamua kama wanabaki nasi au wanaondoka. Wakiondoka, chama chetu hapa Likasi kinabaki muhuri mmoja na watu watano wenye maoni.

Na kosa ni langu.

Tuna kitabu cha kanuni. Ibara ya saba inasema kwamba chama hakimpi mpiga kura kitu chochote, iwe kwenye sherehe au kwenye msiba. Niliiandika mimi. Mliokuwa hapa uchaguzi uliopita mnakumbuka jinsi unga na vitenge vilivyogawiwa, na jinsi nilivyokasirika. Nikasema sisi hatutanunua mtu. Kamati ilipiga makofi. Hadi leo naamini nilichokisema, na hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Ila kanuni ikishaandikwa, watu huiongezea ukuta. Kwanza tulikubaliana tusitoe kitu msibani. Baadaye mmoja akasema, tukionekana msibani mikono mitupu tutachekwa, bora tusionekane. Mwingine akasema, wakati huu wa kuelekea kampeni hata kukaa na wafiwa kunaweza kutafsiriwa vibaya. Kwa hiyo Papa Anatole alipofariki, kamati ilikaa chumba cha nyuma cha baa moja Shituru, tukaamua kutuma barua ya rambirambi. Niliiandika kwa Kifaransa safi. Tukaigonga muhuri, tukampa dereva wa pikipiki aipeleke, pamoja na daftari letu la barua ili aliyepokea atie sahihi.

Daftari lilirudi na sahihi. Nikaliweka kabatini.

Huku kwetu, kwa asiyejua, mtu akifiwa watu hukaa naye. Kilio si siku moja. Wanaume wanakaa nje kwenye viti, wanawake wanakaa ndani chini kwenye mikeka, jirani analeta chungu, mwingine analeta makala, yaani mkaa, na mtu hahesabiwi kwa alichosema bali kwa kukaa kwake. Nimezaliwa hapa. Najua haya yote tangu nikiwa tumboni, maana mama yangu alikuwa wa kwanza kufika kwenye kila kilio cha mtaa wetu. Bado nikatuma pikipiki.

Leo ilikuwa siku ya kumaliza kilio. Kamaradi Floribert, mwenyekiti wetu wa mji, alinipigia alfajiri akasema lazima twende kabla ya kikao cha kesho, "kurekebisha hali". Floribert ni mtu wa sheria, ana moyo mwema, na hatembei bila mkoba. Tulifika saa nne. Uani kulikuwa na turubai kubwa jipya, na juu yake picha ya mheshimiwa mwenye gari refu, anatabasamu, meno yote. Viti vya plastiki vilikuwa vyake. Hata sufuria zilikuwa na jina lake.

Mama Véro alikuwa amekaa mkekani ndani, kitambaa cheusi kichwani. Miaka yote ananiita Mama Régine. Leo aliinua macho akasema, "Karibu, madame." Wazazi wanaokuja shule na malalamiko ndivyo wanavyoniita.

Nilimpa pole. Floribert alitoa pole yake pia, ndefu kidogo. Kisha tukatoka uani tukatafuta pa kukaa, na hapo ndipo bizukulu walipotuona.

Bizukulu ni wajukuu na watani wa marehemu. Kazi yao kwenye kilio ni kuvuruga huzuni. Wanaiga mwendo wa marehemu, wanadai deni ambalo hakuna aliyekopa, wanalala mlangoni usipite mpaka uwape kitu. Baba yake Papa Anatole aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, Mama Véro ana ndugu wa huku, na katika mji wetu uliochanganyika kila mtu ameshaazima mila ya mwenzake, kwa hiyo watani walikuwa wengi. Sheria ni moja: kizukulu hakasirikiwi. Akikusema, unacheka. Akikushika, unatoa kitu unaachiliwa.

Aliyetangulia alikuwa Ya Georgette (Ya ni dada mkubwa), muuza makala wa Kikula, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele. Alikuwa ametengeneza miwani ya waya kama yangu. Alikuwa amevaa koti la mwanaume na kubana mkoba kwapani kama wa Floribert. Sisi wawili tumeunganishwa kwenye mwili mmoja. Alipanda kwenye kigoda, akafungua karatasi, akaishikilia kichwa chini miguu juu, akakohoa.

"Bamama na bababa! Parti yetu imesikia kama Papa Anatole amekufa. Parti haikubali!"

Watu wakaanza kucheka.

"Tunalaani kifo na nguvu yetu yote! Kifo kiache mara moya! Kama hakiache, tutafanya komisyo!"

Mzee mmoja alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai. Ya Georgette alionyesha rundo la sufuria chafu kwa kidole, kwa namna ile ile ninavyoonyesha ramani darasani. Sikujua kama ninafanya hivyo mpaka leo.

"Na hii masufuria, nani atasafisha?"

"Komisyo!" wakaitikia wote, wakimaanisha kamati yetu.

"Na kaburi, nani alichimba?"

"Komisyo!"

"Hapana! Komisyo ilituma lettre!"

Nilicheka. Ilibidi. Lettre ni ile barua yangu. Lakini masikio yalikuwa ya moto na machozi yalikuwa karibu, na si yale ya kucheka. Mwaka jana nilikwenda Lubumbashi kwenye semina ya siku tatu kuhusu jinsi ya kumfikia mpiga kura. Mkufunzi alichora duara, ndani akaandika MPIGA KURA, akachora mishale inayotoka kwetu kwenda kwake. Nilinakili mishale yote kwa rangi mbili. Muuza makala amenifundisha zaidi kwa dakika tano, na miwani ya waya.

Kisha akashuka, akaja, akaninyang'anya sakoshi, mfuko wangu wa begani.

"Weye mwalimu, hii sakoshi imekamatwa. Haitatoka mpaka utoe kitu. Ata kipande ya sabuni."

Watu wote walikuwa wananitazama. Na hapo, nisamehewe, nilisita. Floribert aliniinamia sikioni. "Madame, article sept," alinong'ona, yaani ibara ya saba. "Tusitoe kitu. Bantu banaangalia." Kweli walikuwa wanaangalia. Mtu yeyote wa Kikula, hata mtoto wa chekechea, anajua kwamba kizukulu akikushika unacheka na unatoa. Sisi wawili tulisimama pale tunatafakari kanuni mbele ya watani.

Kicheko kilianza kupungua. Ukimya wa watani ni mbaya kuliko matusi yao.

Sikuwa na sabuni. Nikamwambia Ya Georgette, "Sina kitu. Nitafanya kazi."

"Kazi gani? Ya kusoma?"

"Ya bukari."

Walipiga vigelegele vya dhihaka, wakanisukuma jikoni nyuma ya nyumba. Floribert alibaki na mkoba wake chini ya picha ya mheshimiwa.

Kupika bukari, yaani ugali, ya watu mia si sawa na kupika ya watu watatu. Mwiko ni mrefu kama jembe, unaushika kwa mikono miwili, unasimama miguu imeachana, na unga unakuvuta. Nilikoroga hadi mabega yakatetemeka. Nilifanya madonge. Mama mmoja alinisukuma kwa nyonga, akayavunja, akanirudishia mwiko bila kunitukana, na hiyo ilikuwa heshima ya kwanza niliyopewa leo. Kisha nikaosha sufuria. Ndiyo, zile zenye jina la mheshimiwa. Nilizisugua kwa majivu hadi zikang'aa.

Waliongea juu ya kichwa changu kama sipo. Maji ya kupikia yalikuwa yamebebwa na majirani sita tangu alfajiri, kwa vidumu, kutoka kisima cha avenue ya chini, kwa sababu bomba halitoi tangu Jumatano. Mmoja wao ana mimba ya miezi saba. Nimeandika kurasa nane za sera ya maji ya chama chetu. Zina vichwa vya habari vilivyopigwa mstari. Hakuna mahali ndani yake panaposema nani anabeba maji ya kilio, wala sikuwahi kuuliza.

Nilitaka kuuliza pale pale, nikajizuia. Ningeanza tu, wangesikia ile sauti ya mwalimu.

Saa tisa watu walipungua. Mama Véro alitoka akaja nyuma, akakaa kwenye kidumu kilichogeuzwa, karibu na mimi. Alisubiri nifunike sufuria ya mwisho.

"Lettre yenu ilifika," alisema. "Mutu wa pikipiki aliingia na kaske ku kichwa. Nilikuwa nalia, yeye ananiomba signature."

Dereva hakuwa amevua hata kofia yake ngumu. Akilini niliona daftari lililoko kabatini kwangu, na sahihi yake iliyopinda. Nilidhani amesaini vibaya kwa sababu ya uzee.

"Papa Anatole alikuwa anasema parti ni famille. Famille haitume lettre. Famille inakuya, inakaa chini."

Nikamwambia najua. Nikaanza kueleza, nanyi mnaonijua mnajua nilianza kueleza, kwamba tuliogopa kufanana na yule wa turubai, kwamba tulitaka kumheshimu mpiga kura, kwamba kununua watu kwenye misiba yao ni aibu. Aliniacha nimalize. Ana subira ya mtu aliyelea watoto saba.

"Minye hapana mupumbafu," alisema. "Najua juu ya nini alileta bâche. Lakini siku ya kuzika mvua ilikuwa inanyesha, na bantu balikuwa banalowana."

Akaelekeza kidevu upande wa turubai.

"Kura yangu sijamupa. Lakini sasa nitamusema vibaya namna gani? Nimekaa chini ya bâche yake siku yote hii."

Hilo ndilo nimekuwa nikilitafuna tangu saa tisa. Mheshimiwa hakumnunua. Amemziba mdomo tu, kwa turubai la kuazimisha ambalo kesho litabebwa kwenye gari kwenda msiba mwingine. Na mdomo wa Mama Véro ndio uliokuwa chama chetu Kikula. Sisi tulikuwa tumekaa Shituru tunalinda usafi wetu. Mkono mtupu haulambwi, wanasema wazee, na mimi kwa miaka yote nimeuchukia msemo huo kwa sababu wanasiasa wameufanya leseni ya kuhonga. Lakini mikono yangu leo haikuwa na kitu, ilikuwa na majivu tu hadi kwenye viwiko, na ndiyo siku Mama Véro alikuja kukaa karibu nami. Sijui niweke wapi jambo hilo kwenye kitabu cha kanuni.

Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa tangu asubuhi.

"Siku ile ya kuzika, weye ulikuwa wapi?"

Jibu la chama lilikuwa tayari. Floribert amelichapa, liko kwenye mkoba: kwamba viongozi walizuiwa na kanuni waliyojiwekea kwa ajili ya heshima ya wananchi. Ni sentensi nzuri, nimeisahihisha mimi.

Nilisema, "Nilikuwa ku nyumba, mama."

Nikajifuta majivu kwenye sketi.

"Nilikuwa nimechoka. Nilitoka ku masomo, mvua inanyesha, Kikula iko mbali. Nilitia miguu mu maji ya moto. Nikasema, asante Mungu, article iko."

Sijawahi kulisema hilo kwa mtu. Sikuwa nimelisema hata kwangu mwenyewe. Ibara ya saba haikunizuia kwenda kumzika Papa Anatole. Ilinipa ruhusa ya kutokwenda. Huyu mtu alinipokea nilipokuja Kikula mara ya kwanza na vipeperushi vilivyolowa, akanipa kiti chake, akakaa juu ya tairi. Na siku ya kumweka ardhini nilifurahi kwamba kuna karatasi inayoniruhusu kubaki na beseni langu. Nimeona aibu kuandika hivi, na ninaandika.

Mama Véro alitazama mikono yake. Nilifikiri ataniambia niondoke.

"Kuchoka," alisema, "minye najua kuchoka. Ile ya article njo sikuelewa. Nilikuwa najiuliza kila siku, tulibakosea nini."

Alikuwa akidhani wametukosea. Siku kumi, mjane, juu ya kilio chake, alikuwa anatafuta kosa walilotufanyia. Hapo nililia, na hakunizuia, wala hakunibembeleza. Alikaa tu.

Baadaye akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Kesho utasema vile, mbele ya bote. Vile vile. Miguu mu maji. Minye sitakusemea, Régine."

"Na kama wanaondoka?"

"Bataondoka. Lakini batajua banaondoka juu ya nini."

Ya Georgette alinirudishia sakoshi mlangoni. Alikuwa ameivua miwani ya waya, amechoka yeye pia, uso umemshuka kama wa mtu yeyote aliyefiwa. Aliniambia Papa Anatole alikuwa akimbebea magunia ya makala kila Ijumaa. Sikujua. Ameiga watu siku nzima ili wengine wasilie, na nadhani hakuna aliyemuuliza yeye anaendeleaje. Nilimuuliza. Alisema, "Ni vile tu, mama," akaenda.

Floribert amenipigia sasa hivi, nimesimamisha kuandika ili nimjibu. Nilimwambia kesho nitasema nini. Alisema si busara, kwamba kiongozi hakiri udhaifu mbele ya wanachama, kwamba tutaonekana hatuna nidhamu, kwamba kauli rasmi iko tayari na ni fupi. Akaniomba kwa upole. Yeye siku ya mazishi pia alikuwa nyumbani, hilo hakulisema na mimi sikumuuliza. Nilimwambia tu kwamba ibara ya saba, ile ya kutonunua watu, nitaitetea hadi mwisho. Ila kutoka hapo hadi kutuma pikipiki kwenye kilio, huko tulikwenda wenyewe.

Akasema tutalijadili kwenye kamati.

Betri imebaki kidogo. Mgongo unaniuma, mikono inanuka moshi, na bado sijui kama tawi la Kikula litakuwepo kesho jioni. Nimejaribu kuandaa la kusema. Nimeandika "Ndugu wanachama" nikafuta. Nimeandika salamu kwa Kifaransa, mkono ulikwenda wenyewe, nikafuta pia. Sasa karatasi ni tupu na nimeiacha hivyo.

Saa nane nitasimama mbele ya watu arobaini waliochimba kaburi kwenye mvua, nitawaambia kwamba mimi nilikuwa kwangu, mkavu, nimefurahi. Sitawaomba wabaki. Wakinyamaza, nitakaa chini mkekani pamoja nao na kungoja, na wakisema niondoke, nitaondoka. Nimewahutubia watu wa Kikula miaka minane, na hii itakuwa mara ya kwanza wananisikia nikiwaambia jambo wasilolijua.